Magunia ya korosho au vifurushi vya basi: kibarua kipi kinakufaa Mtwara?

Kuanzia Oktoba, vibarua wa Mtwara hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza utawakuta alfajiri nje ya mageti ya maghala, wamekalia ndala zao, wakisubiri malori ya korosho kutoka Tandahimba, Newala na Masasi. Wa pili saa hiyo bado wamelala. Zamu yao ni jioni, basi la Dar likiingia stendi ya Mkanaledi na mizigo ya watu tumboni. Nimepita makundi yote mawili: misimu mitatu ya magunia, kisha mwaka na miezi kadhaa ya vifurushi. Kwetu jambo likiwa zito anaulizwa mjomba, basi mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne akaniuliza: "Mjomba, niende kwenye korosho au nibaki na vifurushi?" Nikaanza kumjibu tukiwa tunakula, chakula kikapoa.

Kazi zenyewe

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwetu msimu wa 2007/08, korosho ya mkulima inatoka chama cha msingi cha ushirika, inakuja ghala kuu, inapimwa, inapangwa, inasubiri mnada. Mnunuzi akishalipa inapakiwa tena. Maana yake gunia moja linapita mgongoni mwa kibarua si chini ya mara mbili hapo ghalani, na kila mpito una bei yake. Unalipwa kwa kipande. Hela inakuja kwa gengi zima, halafu mnagawana.

Gengi letu lilikuwa na watu kumi: wawili juu ya lori wa kutwika, sita wa kubeba, wawili ndani wa kupanga. Watwikaji wanalishika gunia kwenye pembe, mmoja anasema "haya", linakushukia kati ya shingo na bega, juu ya ngata uliyokunja mwenyewe kwa kiroba. Gunia la korosho ghafi lililojaa na kushonwa mdomo linakaribia kilo 80. Ukichelewa kukaza tumbo, kiuno kinakujulisha hapo hapo. Kisha ni hatua fupi za haraka, kwa sababu mzigo ule ukitembea nao polepole unazidi uzito, mpaka kwenye ubao unaopanda juu ya matabaka ya magunia. Mlangoni amesimama karani na daftari, anapiga vijiti vinne, cha tano anavikata. Mimi nilikuwa nahesabu za kwangu kichwani. Karani akipigiwa simu katikati ya lori, magunia matano yanapita bila kijiti, na hayo matano hakuna atakayekulipa.

Kwenye vifurushi basi likifika unafungua buti na kukutana na kila kitu: mabalo ya mitumba, spea za pikipiki, ndoo za rangi, televisheni iliyofungwa kwa blanketi, bahasha ya vyeti vya mtu. Unasoma jina na namba ya simu iliyoandikwa kwa maka peni, unalinganisha na risiti, unapanga: za Chikongola huku, za Shangani kule, za Mikindani pembeni, na zile za kuunganisha kwenda Nanyamba zinakaa karibu na mlango. Mzigo mzito utakaoubeba peke yako mara nyingi ni balo la mitumba, kilo 45 hivi. Uchovu wake ni wa kichwa zaidi. Mama mmoja anataka ndoo yake ya dagaa sasa hivi, kijana mwingine anadai boksi lake limefunguliwa, na wewe una mistari 90 kwenye orodha ambayo hujaikagua.

Hela

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu wanalinganisha bei ya gunia na posho ya jioni. Vitu hivyo havilinganishiki mpaka uvigeuze vyote kuwa hela ya saa moja.

Chukua mfano. Bei nilizoweka ni za kufanyia hesabu tu, wewe weka utakazoambiwa getini. Tuseme gengi la watu kumi linalipwa 250 kwa gunia, na lori lina magunia 350. Hiyo ni 87,500, kila mtu 8,750. Malori mawili kwa siku, 17,500. Mtu akisikia "elfu kumi na saba kwa siku" anaacha kila kitu.

Sasa ichukue wiki nzima. Jumatatu malori mawili, Jumanne mawili, Jumatano moja, Alhamisi hakuna, Ijumaa mawili, Jumamosi moja. Jumla malori manane, 70,000 mfukoni. Lakini ulikuwa getini kila siku tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, maana ukiondoka lori likaingia, nafasi yako inachukuliwa na aliyekaa. Hizo ni saa 66. Gawa: umelipwa kama 1,060 kwa saa. Toa chakula cha mchana cha 2,500 kila siku, inabaki kama 830.

Kwenye vifurushi tuseme unapewa 6,000 kwa zamu ya saa tano, siku sita. Wiki inakupa 36,000 kwa saa 30, yaani 1,200 kwa saa. Toa bajaji ya usiku ya 1,000, unabaki na 1,000 kamili. Chakula unakula nyumbani.

Kwa hiyo korosho inaleta fedha karibu mara mbili kwa wiki, lakini inakula zaidi ya mara mbili ya muda wako, na saa yako moja inauzwa kwa bei ya chini. Mpwa wangu hakuamini. Alichukua simu akapiga hesabu mwenyewe, akanyamaza.

Jambo jingine ambalo mtu haambiwi: kwenye lori moja la magunia 350 lenye wabebaji sita, kila mmoja anabeba kama magunia 58. Zidisha kwa 80. Ni zaidi ya tani nne na nusu kwa mtu mmoja, lori moja tu. Malori mawili, umebeba tani tisa kabla ya magharibi. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55 kwa mkupuo. Huku kwetu hata kabla ya kufika kwenye lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, tumeshapita hapo.

Ili ujue kama unapunjwa, kuna sakafu ya sheria. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 iliweka 150,000 kwa mwezi kwa viwanda na biashara, ambayo ni kama 769 kwa saa, na 140,000 kwa kilimo. Amri mpya iliyotangazwa Oktoba 2025 ilipandisha wastani wa sekta binafsi kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 1, 2026, kwa hiyo zile namba za zamani zishike kama kumbukumbu, kiwango cha sasa cha sekta yako kiulize ofisi ya kazi ya mkoa. Neno "sekta" hapo lina uzito. Usafirishaji umekuwa ukipangiwa juu zaidi ya biashara ya kawaida. Ofisi ya mizigo ya basi inayokulipa kama kijana wa duka, iulize kwa upole wewe umeandikwa wapi. Mimi niliuliza nikaambiwa, "Wewe unatusaidia tu." Kusaidia siku sita kwa wiki!

Kusubiri

Kazi za nusu siku zipo kwa sababu mzigo hauji sawasawa siku nzima. Unakuja kama wimbi, na mwenye ghala hataki kulipa watu wakati maji yametoka. Hata Marekani ndiyo hivyo hivyo. Wafanyakazi wa kampuni ya vifurushi ya UPS waligoma siku 15 mwaka 1997, watu kama 185,000, na hoja kubwa ilikuwa hao wa nusu siku. Mwaka 2023 chama chao kilipata mkataba unaomwanzishia kibarua wa nusu siku dola 21 kwa saa. Hizo dola zisikutie tamaa, maisha ya kule yana bei yake. Nimewataja kwa sababu wao muda wa zamu unajulikana na unalipwa. Kwetu, kwenye korosho, muda wa kusubiri ni wa kwako, na hapo ndipo fedha inapovujia.

Nakumbuka siku moja ya Novemba. Tulifika saa moja kasoro. Tukaambiwa malori matatu yako njiani. Saa nne tukaambiwa yamefika Nanyamba. Saa saba mmoja wetu akampigia dereva, kumbe lori bado linapakia Tandahimba, mvua imenyesha na gunia zimefunikwa turubai. Lilifika saa kumi na moja na nusu jioni. Tukashusha moja kwa taa za simu, mawili yakalala nje mpaka kesho yake. Siku hiyo nilipata chini ya 9,000 na nikarudi nyumbani saa tatu usiku. Mke wangu alidhani nimepata mengi kwa jinsi nilivyochelewa.

Vifurushi navyo vina kusubiri kwake. Barabara ya Dar ikikatika, umekatika na wewe. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikasombwa maeneo ya Somanga, mabasi yalisimama na ofisi za mizigo zikabaki na mabenchi matupu. Anayelipwa kwa siku alikula alichoweka akiba. Halafu tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku, zamu imekuwa haina mwisho unaoeleweka. Zamani saa mbili usiku umefunga. Siku hizi unaweza kuitwa saa nane kushusha. Sheria inasema kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi iongezwe asilimia 5 ya ujira kwa kila saa. Nyongeza ni ndogo lakini ni yako, na kabla hujakubali zamu hizo uliza inalipwaje.

Korosho pia ina siasa zake. Msimu wa 2018/19 Serikali ilipotangaza itanunua kwa 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaanza kubeba mzigo, mahesabu ya kila mtu yalivurugika, kuanzia mkulima mpaka muuza uji wa getini. Mnada ukisogezwa wiki moja, wewe unasogezwa nao.

Ukiumia, ukikatwa

Hapa ningemsihi mtu asome hata kama anaruka kwingine.

Ghalani ajali ni za ghafla. Tabaka la magunia likipangwa vibaya linaporomoka, na ubao wa kupandia ukiwa na unga wa korosho unateleza kama sabuni. Vumbi la gunia la juti linakaa kifuani mpaka Februari. Kwenye vifurushi unaumia polepole: mgongo wa kuinama kwenye buti la basi, kidole kilichobanwa na mlango, mbwa wa stendi. Ukinipa nichague maumivu, nachagua ya vifurushi.

Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri ndiye anayechangia, asilimia 0.5 ya mishahara, wewe hukatwi hata senti. Kulipwa kwa kipande hakukuondoi kwenye fidia. Tatizo ni kwamba kibarua ambaye jina lake halipo kwenye daftari lolote anaanza kwa kuthibitisha kwamba alikuwepo. Ndiyo maana nilianza kupiga picha ya daftari la gengi kila asubuhi likishaandikwa. Nyapara aliniuliza mara moja kama mimi ni mwandishi wa habari, baadaye akazoea. Kwenye korosho jina lako mara nyingi liko mikononi mwa kiongozi wa gengi tu, mwenye ghala hakujui. Ofisi ya vifurushi inakujua kwa sura, na hiyo peke yake ni faida siku ya matatizo.

Upande wa makato, vifurushi ndiyo vibaya zaidi. Ofisi moja niliyofanya kazi, siitaji, ilipoteza boksi la skrini za simu. Tulikuwa vijana wanne zamuni. Hakuna aliyehojiwa, hakuna karatasi, Jumamosi kila mmoja akakuta amekatwa 40,000. Sikujua wakati ule kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu hivyo. Hasara ikatwe kwa aliyeisababisha kwa kosa lake akiwa kazini, apewe maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Ghalani nako kuna neno "unyaufu": korosho ikikaa inapungua uzito, na mizani ya kutoka isipolingana na ya kuingia macho ya kwanza yanawageukia makuli. Sijawahi kuona kuli akikatwa fedha kwa unyaufu, lakini nimeona gengi zima likiambiwa lisirudi kesho.

Na hiyo "usirudi kesho" haina dawa nyepesi. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja hawezi kudai ameachishwa isivyo halali. Anachoweza kudai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni ujira wake ambao haujalipwa, na afanye hivyo ndani ya siku 60. Kuna mambo mawili mazuri ambayo wachache wanayajua. Ukifanya kazi siku sita au zaidi kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, unastahili maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Na mfanyakazi wa msimu sheria imemtaja kwa jina kwenye likizo ya malipo, hata asipofikisha miezi sita. Msimu wangu wa tatu niliulizia hiyo likizo, watu wakacheka mpaka nikacheka na mimi.

Kazi nyingine za jirani

Kushusha mifuko ya salfa ya kilo 25 kabla ya msimu wa kupulizia mikorosho ni kazi nyepesi kwa mgongo na mbaya kwa macho. Usiende bila barakoa na miwani, na nguo zake usizifulie pamoja na za mtoto. Saruji, mifuko ya kilo 50, ipo mwaka mzima, vumbi lake linapasua mikono. Kubangua korosho ni kazi ya kukaa, wanalipa kwa kilo, na mafuta ya ganda yanachoma vidole. Anayeanza anapata kidogo sana wiki za mwanzo kwa sababu anavunja punje.

Aliye Lindi ana nafasi ambayo sisi wa Mtwara mjini tunaikosa kidogo: ufuta. Minada yake huanguka katikati ya mwaka, Juni mpaka Agosti hivi, mbaazi zinafuata, kisha korosho. Kuli wa Nachingwea au Ruangwa anayejua kuhama na mazao anaweza kupata miezi saba ya kazi badala ya minne.

Ningekuchagulia

Kama una miaka ishirini na kitu, mgongo mzima, huna mtoto wa kupeleka shule, na unatafuta fedha ya mkupuo kununua kitu unachokijua tayari, mathalani cherehani au kianzio cha bodaboda, nenda korosho. Nenda msimu mmoja, miwili ikizidi. Ingia kwenye gengi ambalo lina watu unaowafahamu, kwa sababu mgawo wa fedha unafanyika gizani, na uliza kabla: nani anashika hela, kiongozi anachukua ngapi, hela ya maji inatoka wapi. Gengi linalokujibu kwa hasira, liache. Januari ikiingia usikae getini ukisubiri mabaki. Hicho ndicho kipindi watu wanakula walichokipata.

Kama unasoma, una biashara ndogo ya mchana, au una familia inayokutegemea kila siku, chukua vifurushi. Fedha yake ni nyembamba ila inafika. Unajifunza risiti, orodha, kuongea na mteja, na miji yote ya njia ya Dar. Vijana wawili niliokuwa nao sasa ni makarani wa mizigo. Sharti langu ni moja: usishike ufunguo wa stoo. Wakikupa ufunguo bila kukuongezea fedha wamekupa hasara uitunze.

Shemeji yangu aliniuliza kuhusu wanawake. Ghalani wapo, wanafagia, wanachambua sampuli, wanashona midomo ya magunia kwa sindano kubwa na uzi wa katani, na wanalipwa chini ya wabebaji ingawa wanakaa saa zile zile. Mimi ningempeleka kwenye vifurushi bila kufikiri mara mbili, isipokuwa zamu za usiku wa manane. Yeye alisikiliza yote, akaenda kupika chapati nje ya geti la ghala. Anauza kwa wanaosubiri lori. Siku lori lisipokuja anauza zaidi.

Mpwa wangu kaenda korosho. Nilimpa daftari la kurasa 40 na kalamu, nikamwambia aandike saa aliyofika, malori yaliyoingia na hela aliyopewa, kila siku, hata siku ya sifuri. Juzi alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Mstari wa Alhamisi umeandikwa: "Saa 12:40, malori 0, chapati 2 za mkopo kwa mama mdogo."